Bendera ya Njano

Nyapara wa kikosi cha moto alikuwa amechuchumaa kando ya ukuta wa stoo, akifunga soli ya buti lake kwa waya, mkewe alipopita mbele yake na kuingia ofisini kwa meneja. Mlango ukafungwa.

Aliukaza waya mpaka ukamkata kidole. Wenzake walikuwa wamejipanga uwanjani wakisubiri kupangiwa kazi, baadhi yao wamebeba pampu za mgongoni, zile kuukuu ambazo huanza kuvuja kabla hata ya kufika msituni, kiasi kwamba anayezibeba huianza siku akiwa amelowa suruali. Hakuna aliyekuwa na glavu. Glavu zilikuwa zimeahidiwa.

"Leo wamefunga mapema," alisema Kinyozi. Alikuwa mtu wa kikosi kama wengine, lakini kila Jumapili alinyoa watu nyuma ya nyumba za kambi, na hakukosa habari ya kichwa chochote kilichopita mikononi mwake.

"Wanafanya kazi," Nyapara alijibu.

"Kwani mimi nimesema wanafanya nini? Shemeji yangu namheshimu. Nasema tu kwamba mlango ule una kitasa, na zamani hatukukijua."

Watu wakacheka kidogo, kiasi cha kumwachia Nyapara nafasi ya kucheka nao. Hakucheka. Alisimama, akakanyagakanyaga chini kulijaribu buti, akaendelea kuutazama mlango.

Mkewe ndiye aliyesoma hali ya hewa ya shamba zima la misonobari. Kila kulipopambazuka alipanda mpaka kwenye kituo cha vipimo kilimani, kisanduku cheupe chenye miguu, na mlingoti wenye vikombe vinavyozunguka kwa upepo. Akaangalia joto, akaangalia unyevu wa hewa, akaangalia kasi ya upepo na chombo cha kupimia mvua ambacho kwa muda mrefu hakikuwa kimekinga kitu ila vumbi na wadudu. Kisha akavichanganya vyote kwa hesabu aliyofundishwa, akajua moto siku hiyo ungekuwa mkali kiasi gani kama ungewashwa. Bendera ya kijani, watu wafanye kazi. Ya njano, wafanye kazi kwa tahadhari. Nyekundu, hakuna kuwasha hata sigara. Misumeno inanyamaza, watu wanabaki kambini, na ujira wao unahesabiwa vilevile. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa likimkera meneja. Tangu kiangazi kianze, nyekundu ilikuwa imepandishwa siku moja tu, ile waliyokuja wakaguzi.

Watu wa kambi walimwita Mama Hewa. Jina lilianza kwa utani, likamganda.

Mlango ulipofunguliwa, tarishi ndiye aliyetangulia kutoka, akaipandisha bendera ya njano. Mama Hewa akafuata. Alikuwa amevaa lile koti jipya la kampuni lenye nembo kifuani. Macho yake yalikuwa mekundu. Alimpita mumewe bila kumsemesha, akashika njia ya kilimani.

Nyapara aliyaona yale macho, akayasoma kwa namna yake.

Walikuwa wameanza pamoja, yeye na mkewe, kwenye bustani ya miche, vibarua wote wawili, mikono ndani ya udongo kutwa nzima. Hata kuposana waliposana pale, mmoja anajaza udongo mifukoni, mwingine anachomeka mche. Mkewe alikuwa amemaliza sekondari. Kampuni ilipotafuta mtu wa kupeleka mafunzoni, ilimpeleka yeye, na Nyapara alifurahi. Siku ile alimbebea sanduku kichwani mpaka stendi, akijisifu njiani kwa kila aliyemsalimia. Mkewe aliporudi, akapewa ajira ya kudumu. Akapewa na nyumba, chumba na sebule, mwanzoni mwa safu, karibu na bomba. Nyumba ile ilikuwa kwa jina lake. Nyapara alikuwa ameuzimia moto msitu wa watu kwa miaka mingi, na bado alikuwa kibarua mwenye cheo, anayeweza kuachishwa jioni na asubuhi akakuta mwingine amebeba pampu yake. Alilala kwenye nyumba ya mkewe. Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo, lakini kila alipoingia mlangoni alilisikia neno hilo.

Jioni ile alimkuta mkewe uani, akianua nguo.

"Tazama hii," mkewe alisema, akimnyooshea shuka. "Nimeianika sasa hivi. Imekauka kabla sijamaliza kukamua nyingine. Hewa haina maji kabisa."

"Mnazungumza nini na meneja mkifungiana?"

Alilikunja lile shuka taratibu, pembe kwa pembe. "Hatuzungumzi. Tunagombana."

"Kila siku?"

"Kila siku ambayo hesabu inasema nyekundu. Leo imesema nyekundu. Jana pia. Namwekea mezani, anaisoma, ananiuliza kama nimesahau nilikotoka."

"Mtu agombane na mkubwa wake kila siku, halafu apewe koti jipya."

"Koti ni la kazi, baba watoto."

"Na mimi nina kazi. Mbona sina hata buti?"

Mkewe hakujibu upesi. Alikuwa na tabia hiyo, ya kupima neno kabla ya kulitoa, na Nyapara, ambaye zamani aliipenda, siku hizi aliona ni ya mtu anayetunga.

"Ameniambia nikipandisha nyekundu bila idhini yake, narudi kwenye miche," alisema mwishowe. "Na nyumba narudisha."

"Basi si ungerudi? Tulikuwa tunaishi."

"Tulikuwa wawili. Sasa watoto ungewalaza wapi?"

Hapo akawa amemfunga mdomo, na mwanamume aliyefungwa mdomo nyumbani kwake halali na usingizi mzuri. Mkewe alipoingia bafuni kuoga, Nyapara aliichukua simu ya mkewe juu ya meza. Palikuwa na ujumbe wa meneja. *Kesho njoo mapema, kabla watu hawajafika. Jiandae kwa safari.* Aliusoma, akaurudia, akairudisha simu pale pale, uso chini, kama ilivyokuwa. Mkewe alipotoka alimkuta ameelekea ukutani.

Asubuhi alipoamka kitanda kilikuwa kitupu.

Upepo ulikuwa umeanza mapema. Ulikuwa wa joto, wa kukausha midomo, na uliyasukuma majani ya misonobari katikati ya uwanja yakikwaruza kama panya juu ya dari. Bendera ya njano ilikuwa imenyooka mlingotini, haina mkunjo. Meneja alisimama chini yake, mikono mfukoni, akatoa maagizo: masalio ya matawi kwenye shamba la juu ya korongo yachomwe leo. Miche ilikuwa imechelewa kupandwa, makao makuu walikuwa wanauliza.

"Bosi," Nyapara alisema. "Kwa upepo huu?"

"Bendera rangi gani?"

"Njano."

"Njano maana yake?"

"Tahadhari."

"Basi chukueni tahadhari." Meneja alitabasamu; hakuwa mtu wa kupaza sauti. "Au siku hizi wewe ndiye mtaalamu wa hewa? Mtaalamu tunaye, na unalala naye. Kama una swali, si umuulize usiku?"

Safari hii watu walicheka kweli. Nyapara alihisi kicheko kile kikimpanda shingoni kama siafu. Angeweza kusema alichoambiwa jana uani, kwamba hesabu ilisema nyekundu. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini kulisema kungekuwa kumwambia meneja kwamba mkewe anamsengenya nyumbani, na isitoshe yeye mwenyewe hakuwa na hakika kama aliambiwa kweli au alitungiwa.

Ndipo mkewe akatoka ofisini, amevaa lile koti, amebeba mkoba. Meneja akatembea mpaka kwenye gari lake, akamfungulia mlango wa mbele. Mkewe alisita. Alimtafuta mumewe kwa macho katikati ya wale watu, akamwona, akainua mkono nusu kama anayetaka kumwita. Nyapara akageuza uso, akajifanya anakagua pampu ya Kinyozi. Aliusikia mlango wa gari ukifungwa, kisha vumbi la magurudumu likawafunika wote.

"Macho hayana pazia, ndugu yangu," Kinyozi alisema kwa sauti ya chini, na mara hii hakuwa anatania. "Lakini usilipeleke moyoni. Labda ni kazi."

"Twendeni," alisema Nyapara.

Shamba la juu ya korongo lilikuwa limevunwa, limebaki visiki na malundo ya matawi yaliyokauka mpaka yakageuka rangi ya kutu. Upande wa chini lilikuwepo korongo lenye nyasi ndefu, na ng'ambo ya korongo, mwisho wa safu za nyumba za kambi. Kati ya shamba na korongo palikuwa na mkanda uliofyekwa wa kuzuia moto. Ulitakiwa uwe na upana wa barabara. Ulikuwa na upana wa njia ya mkokoteni, kwa sababu vibarua wa kufyeka walipunguzwa.

Nyapara aliwapanga watu wake. Yeye angewasha kutoka juu. Kinyozi na vijana wawili wakae chini kwenye mkanda, na pampu, wapige chochote kitakachoruka. Alikuwa ameshika kiberiti simu ilipolia.

Ilikuwa ya mkewe.

Aliitazama ikitetemeka kiganjani. Akilini alimwona amekaa kiti cha mbele, kioo kimefunguliwa, upepo unampiga usoni, na yule mtu pembeni yake akiendesha kwa mkono mmoja. Aliona wamesimama mahali. Aliona ameomba ruhusa kidogo, nimpigie mume wangu asije akashtuka. Simu ikanyamaza, ikaanza tena.

"Shemeji huyo?" Kinyozi aliuliza akiwa tayari anateremka na pampu yake inayovuja. "Si upokee?"

"Yuko kazini," Nyapara alisema. "Na mimi niko kazini."

Ilipolia tena aliizima.

Mwanzoni moto ulikwenda kama ulivyotakiwa kwenda. Uliyala malundo moja baada ya jingine, moshi ukilala upande wa msitu uliovunwa, mbali na watu. Nyapara alitembea nyuma yake, anaurudisha kwa fagio pale ulipotaka kupanda, na kwa kitambo aliona nafuu. Moto ni kazi isiyokuachia nafasi ya kuwaza. Kisha moshi ukasimama. Ukanyooka juu kama unafikiri. Watu waliozoea wanajua maana ya moshi kusimama, na Nyapara alikuwa amezoea. Alifungua mdomo apige kelele, na upepo ukageuka kabla sauti haijamtoka.

Ulishuka mteremkoni kwa kishindo, umebeba matawi yanayowaka. Mkanda wa kuzuia moto haukuuzuia. Moto uliuruka kama mtoto anavyoruka mfereji, ukaingia kwenye nyasi za korongoni, nyuma ya wale watatu waliokuwa chini. Alimwona Kinyozi akigeuka na kuinua mpira wa pampu. Maji yalitoka kama mkojo wa mzee. Nyapara alishuka mbio mpaka joto likamsukuma, akashika tawi linalowaka alitupe kando apite, akashika jingine, mpaka watu wakamkamata kiunoni wakamrudisha nyuma. Kutoka korongoni alisikia jina la mama likiitwa, kisha akawa anausikia moto tu.

Nyumba za mwisho wa safu ziliungua pia. Huko watu walikuwa wamekimbia.

Mkewe alimkuta hospitali, mikono imefungwa bendeji mpaka kwenye viwiko. Alikuwa bado na koti lile. Alivuta kiti, akakaa, akamnywesha uji kwa kijiko mpaka bakuli likaisha.

"Alinipeleka makao makuu," alisema. "Nikatie sahihi mkataba mpya. Hakutaka niwe kituoni leo, nimeelewa baadaye. Kituo kinatuma vipimo kwenye simu yangu. Nikiwa kwenye foleni nikaona unyevu unaporomoka na upepo unageuka. Nikamwonyesha, akaniambia nisimpigie mtu yeyote, kazi imeshaanza. Nikasema naenda chooni. Nikakupigia nikiwa chooni."

Nyapara alitazama dari.

"Kwa nini hukupokea?"

Kwenye kitanda cha jirani mtu alikohoa. Muuguzi alipita akisukuma meza ya dawa, gurudumu moja likilia.

"Kwa nini ulipanda gari lake?" aliuliza.

Mkewe alimtazama muda mrefu, kama mtu anayesoma kipimo ambacho haamini.

"Watu watatu wamekufa," alisema. "Na unaniuliza gari."

Alichukua bakuli, akatoka kwenda kuliosha. Siku zilizofuata alikuja kila mchana, akamlisha, akamwogesha, akamsimulia habari za watoto. Gari hawakulitaja tena. Lakini Nyapara, akimwona anaingia wodini, macho yake yalikwenda kwanza barabarani dirishani, kuangalia nani amemleta.

Uchunguzi ulifanyika kwenye ukumbi wa kampuni, ule wa kulipia mishahara. Meza ndefu ilitandikwa kitambaa. Mwenyekiti alitoka serikalini. Kulia kwake alikaa wakili wa kampuni, kushoto meneja. Mjane wa Kinyozi alikaa mstari wa mbele na mtoto mgongoni. Nyapara aliwekwa kwenye kiti peke yake, pembeni, mikono ya bendeji juu ya mapaja.

Wakili alikuwa mpole. Alianza kwa kuwapa pole wafiwa. Alisema hapa hawakuja kumtafuta mchawi, walikuja kujifunza.

"Bendera ilikuwa njano," alisema. "Njano si amri ya kuwasha. Ni tahadhari. Anayeamua kupiga kiberiti ni yule aliyesimama shambani. Ni kweli?"

"Meneja ndiye aliyetuagiza," Nyapara alisema. "Niliuliza juu ya upepo. Watu walisikia."

Wakili akaugeukia ukumbi, akangoja. Watu wa kikosi walitazama sakafu. Wote walikuwa vibarua, na msimu wa kupanda ulikuwa unakaribia.

"Tuseme aliagiza," wakili aliendelea, kwa upole uleule. "Baadaye hali ikabadilika. Kampuni ina mtaalamu, na mtaalamu akaona. Akakupigia simu kabla hujawasha. Kumbukumbu za kampuni ya simu tunazo. Alikupigia tena. Na tena. Hukupokea, mwishowe ukaizima. Tueleze tu, ndugu, ulikuwa na kazi gani iliyokuzuia kupokea?"

Nyapara alimwona mjane wa Kinyozi akiinua uso kwa mara ya kwanza. Jibu alikuwa nalo. Alikuwa nalo tangu hospitali, na kila alipolitazama lilikuwa dogo zaidi. Lisingeweza kutoka mbele ya mwanamke yule. Alisema, "Sijui."

"Hujui," wakili alirudia, akaketi.

Ndipo wakamwita mkewe. Alipita katikati ya ukumbi, akakaa kwenye kiti walichomwekea mezani, jirani na meneja, kwa sababu ndicho pekee kilichobaki. Mwenyekiti alimuuliza kama ni kweli alimpigia mumewe.

"Ni kweli."

"Ulipompigia, ulikuwa unafanya kazi yako?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo tuandike kwamba kampuni ilimtahadharisha."

Wakili aliinama mbele, akasaidia. "Mama, hili ni jambo jepesi. Wewe ni mfanyakazi wa kudumu wa kampuni. Uliona hatari, ukatoa taarifa, kama ulivyofundishwa. Au kuna mtu mwingine alikwambia vingine?"

Nyapara alijua, kama kila mtu mle ndani alivyojua, kwamba sasa neno moja lilikuwa limeshika kila kitu: nyumba na watoto upande mmoja, yeye na gereza lake upande wa pili, na korongoni watatu ambao hakuna upande uliowataka. Mkewe alifungua kinywa. Akakohoa.

Meneja hakugeuka kumtazama. Alichukua jagi, akamimina maji kwenye glasi yake mwenyewe, aliyokwisha kuinywea, akaisogeza kwa vidole viwili mpaka mbele ya yule mwanamke, bila haraka.

"Pata maji kwanza," alisema.

Mwenyekiti akaweka kalamu tayari. Mjane alikuwa amesimama bila kujua kwamba amesimama, anamtikisatikisa mtoto. Watu wote walikitazama kinywa cha Mama Hewa. Mumewe peke yake aliitazama glasi, pale kwenye ukingo palipobaki alama ya midomo ya meneja, akingoja kuona kama mkewe angeigeuza upande wa pili kabla ya kunywa.